EliteBook 840 G1 ya mwalimu: kuhamia Linux bila kupoteza kazi

Mashine ni HP EliteBook 840 G1, mtumba kama zilivyo nyingi zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Prosesa ni Intel Core i5-4300U ya mwaka 2013, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, kioo cha inchi 14 cha 1366 kwa 768. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari: anatunga mitihani kwa Word, anapokea faili za wenzake kwa flashi na WhatsApp, anatazama video za masomo, na kuchapisha anakwenda steshenari. Linux, mfumo unaoweza kukaa badala ya Windows, hajawahi kuigusa. Malalamiko yake ni mawili. Mashine imekuwa nzito mno, na Windows 10 haimpi raha kwa kumkumbusha kwamba muda wake umekwisha.

Hilo la pili ni kweli. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, pamoja na TPM 2.0 (kichipu cha usalama). Hii ni ya kizazi cha 4. Njia za kuilazimisha zipo, ila mashine iliyolazimishwa haina hakika ya masasisho, na uzito uleule utabaki palepale.

Kwa nini ni nzito

Anayeanza huuliza kwanza ni Linux gani iliyo nyepesi kuliko zote. Kwa mashine hii, swali la kwanza ni diski. Diski ya kuzunguka husoma kwa kichwa kinachosogea huku na huku juu ya sahani, na mfumo unapowaka unaomba maelfu ya vijifaili vilivyotawanyika. Kichwa kikiwa kinahangaika, prosesa inakaa bure ikisubiri. Hapo RAM ya GB 4 inaongeza maumivu: kivinjari kikifungua kurasa tano au sita, RAM inajaa, mfumo unaanza kuhamishia ziada kwenye diski ileile iliyoelemewa. Taa ya diski haizimi, na kila unachobonyeza kinajibu baada ya muda.

Linux nyepesi itapunguza mzigo huo kiasi, haitaufuta. Kwa hiyo fedha, hata kama ni kidogo, iende hivi: kwanza SSD (diski isiyo na sahani wala kichwa kinachosogea) ya SATA ya inchi 2.5 yenye unene wa mm 7 (GB 240 inamtosha mwalimu), kisha kipande kimoja cha RAM cha GB 4 kufikisha 8. Mashine ina nafasi mbili za RAM na inakubali hadi GB 16. Ukilinganisha vipande viwili vya GB 4 na kimoja cha GB 8, viwili ni bora hapa, kwa sababu picha za kioo zinatumia RAM hiyohiyo, na njia mbili zikifanya kazi pamoja zinapitisha data zaidi.

Kwenye RAM ndipo watu hupoteza hela. Inayotakiwa ni DDR3L ya volti 1.35, na lebo yake inaandikwa PC3L-12800S. Ile ya PC3-12800S bila L ni ya volti 1.5. Inaingia kwenye nafasi vizuri kabisa, skrubu zinafungwa, halafu kioo hakiwaki na taa ya Caps Lock inapepesa. Soma lebo dukani, usikubali kuambiwa “zote ni DDR3”.

Kubadilisha vyote viwili ni kazi ndogo. Toa chaja, sukuma kishikizo utoe betri, kisha mfuniko wa chini unaachia. Diski imeshikwa na skrubu chache. RAM inaingia kwa mshazari wa nyuzi kama 30, unaibonyeza chini hadi vishikizo vya pembeni vilie.

Diski ya zamani usiifute. Nunua kasha la USB 3.0 la inchi 2.5, uiweke humo. Windows yote, mitihani yote, picha zote zimebaki mle, na ikitokea Linux haikumfaa, anairudisha ndani siku hiyohiyo. Kwa mtu anayeanza, hii ni salama kuliko kuweka mifumo miwili kwenye diski moja, na inamwondolea woga unaofanya wengi waahirishe mwaka mzima. Jambo moja kabla ya kuitoa: hakikisha haijafungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la diski), kisha fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike

powercfg /h off

halafu uzime. Usipofanya hivyo, Windows inazima nusu nusu, na Linux ikifungua diski ile itakuruhusu kusoma tu bila kuandika.

Kabla hujalipa fundi au muuzaji

Ikiwa mashine ndiyo inanunuliwa sasa, iwashe ukibonyeza F10 uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache. Kwenye EliteBook neno hilo halifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya saa kama wengi wanavyoahidi, na bila kuingia humo hutabadilisha mpangilio wa kuwaka unapouhitaji.

Angalia pia tarehe. Ikirudi nyuma miaka kila inapochomolewa umeme, betri ya saa imekufa. Inaonekana ni kasoro ndogo, ila kwenye Linux italeta mkanganyiko: tovuti salama zitakataa kufunguka na masasisho yatagoma yakisema faili ya toleo bado haijaanza kutumika. Anayeanza atalaumu intaneti, kumbe ni saa.

Uchaguzi wa Linux

Kwa kisa hiki tunachagua Linux Mint toleo la 22, lenye mazingira ya Xfce (madirisha na menyu nyepesi). Limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litapata masasisho hadi Aprili 2029. Mint wenyewe wanataja RAM ya GB 2 kuwa kima cha chini na GB 4 kwa matumizi ya raha, kwa hiyo hata kabla ya kuongeza RAM mashine imo ndani. Menyu iko chini kushoto, mafaili yanafunguka kama alivyozoea, na programu ya kusasisha haihitaji amri. Sababu kubwa zaidi ni kwamba tatizo lolote atakalokutana nalo, mtu mwingine alishalikuta kwenye Ubuntu au Mint na suluhisho limeandikwa.

Lubuntu ni nyepesi zaidi kidogo, ila toleo lake la 24.04 linasaidiwa miaka 3 tu. Debian ni imara sana na inafaa mtu akishazoea. Puppy na antiX ni kwa mashine zilizochoka kuliko hii, zenye RAM ya GB 1 au prosesa ya biti 32. Kwa hizo za biti 32 kumbuka kuwa Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake. Kwenye 840 G1 hakuna sababu ya kujitesa na mifumo hiyo. Tofauti ya MB mia mbili tatu za RAM inamezwa na ukurasa mmoja wa kivinjari.

Kupakua na kuandaa flashi

Faili ya ISO, yaani Mint nzima ya kusakinishia, inakaribia GB 3. Kwa bando la simu, pakua usiku kwa torrent, kwa sababu mtandao ukikatika inaendelea pale ilipoishia na inajikagua yenyewe. Ukipakua kwa kivinjari, kagua mwenyewe kwenye Windows:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Badilisha jina liwe la faili yako, kisha linganisha herufi na zile zilizo kwenye faili ya sha256sum.txt ya Mint. Zikitofautiana hata moja, faili ni mbovu. Usiendelee nayo.

Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na kila kilichomo kitafutika. Kwenye Rufus, programu ya Windows ya kuandikia flashi, chagua ISO, mpangilio wa GPT, na UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta; ya zamani huitwa Legacy). Ikiuliza namna ya kuandika, anza na ile inayopendekezwa ya ISO. Flashi isipowaka, rudia kwa DD. Flashi bandia ni tatizo la kweli madukani kwetu: imeandikwa GB 32, ndani ni 4, na data inayozidi hapo inapotea kimyakimya. Usakinishaji ukikwama katikati kwa makosa ya kusoma, kwenye menyu ya kwanza ya Mint kuna chaguo la kukagua flashi. Lifanye kabla hujaanza kuilaumu SSD mpya.

Majaribio kabla ya kusakinisha

Weka flashi, washa, bonyeza F9 na uchague flashi yenye neno UEFI mbele. Mint inafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama mwalimu atabaki na Linux au ataiacha baada ya wiki moja.

Jaribu sauti, mwanga wa kioo, kamera, na kufunika kisha kufunua mashine uone kama inaamka. Kisoma alama za vidole usikitarajie. Kisha WiFi. Baadhi ya 840 G1 zina kadi ya Intel 7260, ambayo inafanya kazi papo hapo. Nyingine zina Broadcom BCM43228, nayo inahitaji draiva ya ziada. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) ujue uliyonayo:

lspci -nn | grep -i network

Ikiwa ni Broadcom, chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, na kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux inaiona kama waya wa mtandao bila kusakinisha chochote. Baada ya kusakinisha Mint, fungua Driver Manager na uchague draiva ya Broadcom. Kama Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizotambuliwa) imewashwa, itakuomba utunge neno la siri, na kompyuta ikiwaka upya inaleta skrini ya buluu ya MOK, ya kuiruhusu draiva. Chagua Enroll MOK, Continue, Yes, andika neno lile, iwashe upya. Ukiipita skrini hiyo bila kuijibu, draiva inasakinishwa lakini haipakiwi, na WiFi haionekani ng’o. Kununua kadi nyingine ya Intel uipachike ndani si jibu la haraka, kwa kuwa BIOS ya kompyuta hizi hukataa kadi isiyo kwenye orodha yake.

Sasa kazi yenyewe ya mwalimu. Chukua mitihani mitatu halisi: mmoja wenye majedwali, mmoja wa hesabu wenye milinganyo, mmoja wenye michoro. Ifungue kwa LibreOffice Writer iliyomo kwenye flashi. Kwa kawaida maneno yatakuwa sawa, lakini mistari itasogea na swali la mwisho litaangukia ukurasa wa pili. Chanzo ni fonti: Calibri na Cambria hazimo. Zipo Carlito na Caladea ambazo herufi zake zina upana sawa na hizo, na zikiwepo LibreOffice inazitumia badala yake, kurasa zinarudi mahali pake. Times New Roman inabadilishwa na Liberation Serif, nayo ina upana uleule. Milinganyo iliyoandikwa kwa MathType ya zamani ndiyo inayosumbua. Mara nyingi inaonekana kama picha isiyoharirika, mingine inaharibika. Mwalimu wa hesabu mwenye benki kubwa ya mitihani ya namna hiyo aijaribu yote mapema, na zile zinazogoma azifungue kwa Word ya kwenye kivinjari au aziandike upya.

Steshenari ipelekee PDF, si DOCX. Ndani ya Writer kuna kitufe chake. Kitakachochapwa ndicho ulichokiona, kompyuta ya huko iwe na Word ya mwaka wowote.

Kusakinisha

Chaja iwe imechomekwa. Ikiwa betri imekufa na umeme wa mtaa ni wa kukatika, subiri saa za utulivu, kwa sababu umeme ukikatika wakati diski inaandikwa utaanza upya.

Kwanza ingia F10, kwenye mipangilio ya kuwaka uchague UEFI Native, ile isiyo na CSM (daraja la kuwaka kwa njia ya zamani). Ukizima au kuwasha Secure Boot, mashine itakapowaka tena itaonyesha namba ya tarakimu 4 na kukutaka uiandike kisha ubonyeze Enter. Watu huidhani ni hitilafu wakazima. Iandike tu.

Ndani ya kisakinishi: kibodi, weka tiki kwenye kodeki za sauti na video, kisha “Erase disk and install Linux Mint”. Kwa kuwa ndani kuna SSD mpya peke yake, hakuna cha kuogopa. Kasha lenye diski ya zamani liwe limechomolewa. Hili halina mjadala.

Hapo kuna kitufe cha Advanced features chenye LVM (namna ya kugawa diski) na usimbaji wa diski nzima, yaani kuifunga data yote kwa neno la siri. Kwa mtu anayebeba mitihani ambayo haijafanywa, usimbaji una maana: mashine ikiibwa kwenye daladala, mwizi hapati karatasi. Prosesa hii ina maelekezo ya AES ndani yake, hivyo kasi haipungui kwa kiasi cha kuudhi. Gharama yake ni kwamba ukisahau neno la kufungulia, hakuna fundi wa kukusaidia. Liandike, lifungie nyumbani.

Inapowaka mara ya kwanza bila flashi, inaweza kuleta ujumbe huu: “Boot Device Not Found”, na chini yake “Hard Disk (3F0)”. SSD haijafa. Mara nyingi flashi iliwashwa kwa njia ya Legacy na mashine imewekwa UEFI, au kinyume chake. Rudi kwenye flashi, fungua terminali, andika:

[ -d /sys/firmware/efi ] && echo UEFI || echo Legacy

Ikijibu Legacy, sakinisha tena ukiwa umechagua mstari wa UEFI kwenye F9. Ikijibu UEFI na bado inagoma, tatizo liko kwenye BIOS: za umri huu baadhi hupuuza jina jipya la mfumo na kutafuta njia ya Windows pekee. Kwenye F10, tafuta Customized Boot, uongeze njia hii:

\EFI\ubuntu\shimx64.efi

Folda inaitwa ubuntu hata kwenye Mint, usiibadilishe. Ipandishe iwe ya kwanza kwenye orodha. Ugonjwa huu ndio huwakuta pia walioweka mifumo miwili, wakaona kila wakiwasha inaingia Windows moja kwa moja.

Baada ya kusakinisha

Fungua Update Manager. Kwenye vyanzo vya programu kuna orodha ya seva inayopima kasi ya kila moja. Subiri ipime, chagua ya juu. Masasisho ya kwanza yatakula mamia ya MB, basi panga bando. Humohumo, kwenye Automation, washa kufuta kerneli (viini vya mfumo) za zamani. Kwa diski iliyosimbwa hili ni la lazima, kwa sababu sehemu ya /boot imetengwa na ina kikomo, ikijaa masasisho yanakwama.

Kisha terminali, mara moja tu:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea hunspell-sw zram-tools

hunspell-sw ni kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Kwenye Writer weka lugha ya maandishi kuwa Kiswahili, na mistari myekundu chini ya kila neno inaondoka. Akitaka Times New Roman na Arial zenyewe, aongeze ttf-mscorefonts-installer. Itatokea skrini ya leseni ambayo panya haifanyi kazi: bonyeza Tab hadi OK iwake rangi, kisha Enter. Wanaoanza hukwama hapo, wakafunga dirisha, na tangu hapo apt, programu ya kusakinishia, inalalamika. Dawa yake ni sudo dpkg --configure -a.

zram inabana data inayozidi na kuiacha ndani ya RAM badala ya kuisukuma kwenye diski. Hariri /etc/default/zramswap, weka ALGO=zstd na PERCENT=50, kisha sudo systemctl restart zramswap. Ukiwa na GB 8 utaigundua kwa nadra. Aliyebaki na GB 4 ataiona kila siku.

Video za YouTube zinaweza kuchemsha mashine hata ikiwa na SSD. Kichipu cha picha cha HD 4400 kinafungua chenyewe video zilizobanwa kwa H.264, ila za VP9 na AV1 zinazotumwa na YouTube zinaangukia prosesa. Kiongezo cha Firefox kiitwacho enhanced-h264ify kinailazimisha YouTube kutuma H.264, na feni inatulia. Kwa kioo hiki, 720p inatosha.

Timeshift, programu ya kuhifadhi nakala za mfumo, iwashwe, kwa njia ya rsync, nakala 2 za kila wiki. Inarudisha mfumo ukiharibika, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida haigusi mafaili ya mwalimu. Mitihani inakiliwa kwa mkono kwenye ile diski ya kasha, kila Ijumaa.

Flashi za wenzake zitakuja na folda zilizogeuka vifupisho, kazi ya virusi vya Windows. Ndani ya Mint vifupisho hivyo havifanyi lolote. Folda za kweli zilizofichwa zinaonekana; usipoziona, bonyeza Ctrl+H. Nakili zilizo za kweli, futa vifupisho na faili zenye .vbs au .lnk, ndipo umrudishie mwenzako flashi yake, maana kompyuta yake bado inaweza kuambukizwa.

Fedha ikipatikana ya kitu kimoja tu mwezi huu, iwe SSD. RAM inaweza kusubiri hadi likizo, zram ikiwa imewashwa na kurasa za kivinjari zisizidi nne. Betri ipimwe kabla ya kununuliwa mpya:

upower -i /org/freedesktop/UPower/devices/battery_BAT0

Tazama energy-full dhidi ya energy-full-design. Ya kwanza ikiwa chini ya nusu ya ya pili, na mwalimu anafanya kazi mahali penye umeme wa kukatika, hiyo ndiyo inayofuata kwenye orodha baada ya SSD, mbele ya RAM.